WITCH na kiingilio cha mchimba shaba

Hadithi za bendi za roki nzito zimezoeleka kiasi kwamba msikilizaji anaweza kuzimalizia mwenyewe: vijana wasio na kitu, vyombo vya kuazima, wimbo mmoja unaovuma, kisha pombe, ugomvi wa fedha na mazishi ya mapema. Juma hili nimekuwa nikisikiliza santuri za WITCH, bendi ya Zambia ya miaka ya 1970, na kadiri ninavyozisikiliza ndivyo ninavyoona kwamba hadithi hiyo haiwatoshi. Mazishi kwao yalikuja kwa wingi wa kutisha, hilo ni kweli. Hata hivyo, kilichowapandisha na kilichowaangusha vilikuwa kwa sehemu kubwa kitu kimoja, nacho hakikuwa jukwaani wala studioni, bali kilichimbwa chini ya ardhi na kuuzwa kwa bei iliyopangwa London.

WITCH ni bendi ya Kitwe, katika mkoa wa Copperbelt. Zambia ilipopata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, sehemu kubwa mno ya fedha zake za kigeni, zaidi ya tisa ya kumi, ilitokana na shaba, na mwaka 1969 Rais Kenneth Kaunda akatangaza kwamba serikali itachukua asilimia 51 ya hisa za migodi. Bei ilikuwa nzuri. Mchimbaji alilipwa mshahara kila mwezi, akaishi katika mitaa iliyojengwa na kampuni ya mgodi, penye kumbi za starehe na vilabu, akiwa pamoja na watu waliotoka pembe zote za Zambia na hata Nyasaland na Tanganyika. Watoto wa watu hao ndio waliokua wakiwasikiliza Rolling Stones, Jimi Hendrix, Deep Purple na James Brown, wakaanza kupiga kopi za nyimbo hizo kwenye kumbi zile zile ambamo wazazi wao walikuwa wakienda kupumzika. Mtu akiniuliza kwa nini roki nzito iliota Kitwe na isiote katika miji mingine mingi ya Afrika yenye vijana wenye vipaji vile vile, jibu langu ni hilo la mshahara. Gitaa la umeme ni kitu cha gharama, kikuza sauti ni cha gharama zaidi, na vyote viwili hulipwa na kiingilio cha mlangoni.

Herufi za jina lao zinasimamia maneno ya Kiingereza yenye maana ya kwamba wanakusudia kuleta vurugu. Mwimbaji wao, Emmanuel Chanda, aliitwa Jagari kwa kufananishwa na Mick Jagger, na jina hilo likamganda hadi leo. Nyuma yake walikuwapo Chris Mbewe kwenye gitaa la solo, John Muma kwenye gitaa la ridhimu, Gedeon Mwamulenga kwenye besi na Boidi Sinkala kwenye dramu. Nawataja wote kwa makusudi, kwa sababu siku hizi habari za bendi hii zimekuwa habari za Jagari peke yake, jambo linaloeleweka, kwa kuwa ndiye aliyebaki. Lakini ukiisikiliza santuri yoyote ya zamani, kinachokushika kwanza ni gitaa la Mbewe.

Mbewe alitumia sana fazi, yaani kile kipedali kinachoizidishia nguvu sauti ya gitaa hadi vilele vya mawimbi yake vinakatika, ndipo noti iliyokuwa laini inakuwa na mkwaruzo kama wa msumeno. Bendi za Ulaya zilizokuwa na studio kubwa ziliitandaza fazi juu ya dramu zenye kishindo, kila chombo kikiwa na nafasi yake. Katika rekodi za WITCH nafasi hiyo haipo. Vyombo vimebanana, dramu zinasikika kana kwamba zimefunikwa blanketi, besi inatembea kwa mwendo wa kucheza kuliko wa kutisha, na gitaa linapita katikati yao likiwa limeshika sauti zote za juu. Wapo wanaouita ubora huo kuwa duni. Mimi nauona kuwa ndio uliowapa sauti yao: uzito wa roki umebaki kwenye gitaa, huku chini yake miguu ikiendelea kucheza dansi. Sijasikia bendi ya Uingereza ya wakati ule iliyoweza mambo hayo mawili kwa pamoja.

Kila anayeandika kuhusu muziki uliokuja kuitwa Zamrock hutaja agizo la Kaunda kwamba asilimia 95 ya muziki unaopigwa redioni uwe wa Kizambia. Kaunda mwenyewe alikuwa mpiga gitaa na mwimbaji wa nyimbo za uhuru, kwa hiyo hakuwa mtu wa kulitoa agizo hilo kwa kubahatisha. Nadhani lengo lilikuwa kuinua ngoma na nyimbo za asili, lakini vijana wa Kitwe na Lusaka waliitikia kwa roki yenye fazi, wakaimba sehemu kubwa kwa Kiingereza, na ikapigwa redioni kama muziki wa nyumbani, kwa sababu ilikuwa hivyo kweli. Hata hivyo, nahisi agizo hilo hupewa sifa kuliko linavyostahili. Redio iliwajulisha watu. Haikuwapa nauli ya kufika ukumbini.

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya kasi. Santuri yao ndefu ya kwanza, Introduction, ilitoka mwanzoni mwa muongo na huhesabiwa kuwa miongoni mwa za mwanzo kabisa kutengenezwa na bendi ya Zambia kwa ajili ya soko. Wenzao wa bendi ya Musi-O-Tunya walikuwa wamekwenda kufanya kazi na kurekodi Kenya, kwa sababu Nairobi ndiko kulikokuwa na studio na mitambo ya kufyatulia santuri. WITCH walitoa In the Past mwaka 1974, na Lazy Bones!! mwaka 1975. Ukizisikiliza hizo tatu kwa kufuatana unasikia bendi inayojifunza kuacha kopi. Katika ya kwanza bado wanawaza kama vijana wanaotaka kufanana na mtu. Kufikia Lazy Bones!! mwendo umepungua, nyimbo zimekuwa nzito na zenye giza, na gitaa halina haraka ya kuonyesha ustadi wake. Hiyo ndiyo santuri yao ninayoipenda kuliko zote.

Ilitoka katika mwaka mbaya. Bei ya shaba ilikuwa imefika kilele katika miezi ya mwanzo ya 1974, kisha ndani ya mwaka mmoja ikashuka kwa zaidi ya nusu. Nchi iliyokuwa ikiishi kwa bidhaa moja ilijikuta haina fedha za kigeni za kuagizia vitu, na katika orodha ya vitu vinavyohitajiwa na taifa lenye dhiki, nyuzi za gitaa na valvu za vikuza sauti haziwezi kuwa juu. Njia za kusafirishia shaba yenyewe nazo zilikuwa taabani: mpaka na Rhodesia ulifungwa Januari 1973, reli ya kupitia Angola ikakatwa na vita mwaka 1975, na TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Kapiri Mposhi hadi Dar es Salaam, ndiyo kwanza ilikuwa ikimaliziwa. Mshahara wa mchimbaji ulikuwapo bado, ila haukununua tena vile ulivyonunua, na mtu anapopunguza matumizi ya nyumbani haanzi na unga. Anaanza na kiingilio cha dansi.

Vita nayo ikaja mlangoni. Zambia iliwapa hifadhi wapigania uhuru wa nchi za kusini, na kwa ajili hiyo ilishambuliwa. Mashambulizi ya Rhodesia ya Oktoba 1978 yalizifikia kambi zilizokuwa karibu kabisa na Lusaka. Kukawa na amri za kutotembea usiku na kuzimwa kwa taa. Nimejaribu kufikiri maana yake kwa bendi ambayo kazi yake huanza giza likiingia na kwisha kuelekea alfajiri. Wanamuziki hawakuacha: waliyahamishia maonyesho mchana, watu wakacheza roki saa za chai na kurudi nyumbani kabla ya giza. Katika mambo yote niliyosoma kuhusu bendi hii, hilo ndilo linalonipa picha halisi ya shida yao, kuliko habari yoyote ya jukwaa kubwa. Roki nzito imejengewa usiku. Inategemea taa, moshi, na ule uhuru wa mtu asiyeonekana vizuri na jirani yake. Kuipiga saa nane mchana, jua likipita madirishani, mbele ya watu wanaotazama saa zao, kunahitaji moyo wa aina nyingine, na pia kunapunguza mapato, kwa sababu mwenye ajira yuko kazini wakati huo.

Disko ilipofika haikuwa na kazi kubwa ya kufanya. Mwenye ukumbi alihitaji mtu mmoja na santuri zake mahali pa wanamuziki watano wenye vyombo vya kubebwa na gari. Jagari aliondoka kuelekea mwisho wa muongo na kushika ualimu. Bendi ikaendelea bila yeye, ikabadilisha mtindo, ikamtegemea mpiga kinanda Patrick Mwondela, na santuri yake ya mwisho ya enzi hizo ikatoka mwaka 1984. Sina mengi ya kusema juu ya kipindi hicho. Ni muziki wa dansi uliopigwa vizuri, nami nautafuta mara chache.

Mwaka huo huo wa 1984 ndipo UKIMWI ulipotambuliwa Zambia kwa mara ya kwanza. Ukiondoa Jagari, wote niliowataja katika safu ile ya mwanzo wamefariki, na ugonjwa huo ndio unaotajwa kuchukua sehemu kubwa ya kizazi cha Zamrock. Katika roki ya Marekani na Uingereza tumezoea vifo vinavyohusishwa na maisha ya wasanii wenyewe, vikapewa hata aina fulani ya urembo. Hapa hakuna cha kurembesha. Wanamuziki hawa walikufa kwa ugonjwa uliokuwa ukiwaua pia walimu, wauguzi, madereva wa malori na wachimbaji waliokuwa wakiwalipia kiingilio, katika miaka ambayo dawa za kufubaza virusi hazikuwapo au hazikufikika. Kaunda mwenyewe alimpoteza mwanawe kwa UKIMWI mwaka 1986, akalitangaza jambo hilo hadharani mwaka uliofuata, wakati viongozi wengi walikuwa hawathubutu hata kuutaja. Kwa hiyo, ninapokutana na makala zinazosema kwamba bendi hii ilitoweka kwa namna ya ajabu, huwa nakereka. Haikutoweka kwa ajabu yoyote. Waliokuwa wakiipiga walizikwa, na ndugu zao wanajua makaburi yalipo.

Jagari alipitia ualimu, akaokoka, akaingia katika uchimbaji wa vito, kazi ya kubahatisha kuliko hata muziki. Wakati huo santuri za zamani zilikuwa zikitafutwa na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, ambao waliziuziana kwa bei ambazo hazikumpa yeye hata senti. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 kampuni ya Now-Again ya Marekani ilizitoa upya rasmi, kwa mkataba na mwenye nyimbo, na kuanzia hapo mambo yakabadilika: ziara za ng'ambo na wanamuziki vijana wa Kizungu nyuma yake, filamu ya maisha ya bendi mwaka 2019, na hatimaye mwaka 2023 santuri mpya, Zango, ya kwanza baada ya miaka 39. Nafurahi kwa ajili yake, bila kinyongo. Neno "kugunduliwa" ndilo linalonishinda, kwa sababu watu wa Copperbelt waliokuwa wakijaa kumbini mwaka 1974 hawakusubiri mtu awagundulie bendi yao.

Kuna jambo jingine linalonisumbua. Mwezi Mei 2024 bei ya shaba ilivunja rekodi London, ikapita dola 11,000 kwa tani. Migodi ilikwisha kubinafsishwa mwishoni mwa miaka ya 1990, na maelfu ya ajira pamoja na huduma za mitaa ya mgodi vilikwenda na mabadiliko hayo. Shaba ya bei kubwa haimaanishi tena kumbi zilizojaa Kitwe. Leo bendi inalipwa zaidi na mashabiki wa Ulaya na Marekani, watu wenye mapenzi ya kweli, sikatai, lakini wanaoisikiliza kama kitu adimu. Sauti yake haikutengenezwa kwa masikio ya namna hiyo. Ilitengenezwa kwa watu waliotaka kucheza baada ya zamu.

Je, hii ni WITCH ile ile? Nimebishana na nafsi yangu juu ya swali hili tangu Zango ilipotoka. Ilirekodiwa Lusaka, Mwondela yumo kwenye vinanda, Keith Kabwe wa bendi ya Amanaz ametia sauti, wapo waimbaji wanawake wa Kizambia wa kizazi cha leo, na fazi inakwaruza kama zamani. Sauti ya Jagari imezeeka, naye haifichi. Anayekosekana ni Mbewe, na kwa sikio langu pengo lake ni kubwa kuliko lilivyo kwa wahakiki wengi waliolikaribisha jina hilo kwa shangwe. Gitaa jipya linajua kila kitu alichofanya, linakifanya kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo tofauti: Mbewe hakuwa akimheshimu mtu. Hata hivyo nimeamua kuihesabu kuwa WITCH, kwa kuwa aliyebaki ana haki ya kuendelea na kazi aliyoianza na wenzake, wala hakuna mwingine aliye hai mwenye haki kubwa zaidi ya kulikataza jina hilo lisitumike. Mwaka 2025 wametoa nyingine, Sogolo. Nimeisikiliza nusu tu, nyimbo za mwanzo zikiwa na uzito kuliko nilivyotarajia, nami nitaiandikia nikishaimaliza.