Baa iliyopona bomu ikaja kuuawa na tingatinga

Jamani hii stori ya Carlton Tavern ya London mnaijua? Ile baa ya mwanzo ilipigwa bomu na Mjerumani 1918, wakajenga nyingine hapohapo, vita ya pili ikapita ikabaki imesimama, halafu Aprili 2015 mwenye mali analeta tingatinga anaishusha chini bila kibali! Halmashauri ya Westminster ikamwambia ijenge kama ilivyokuwa, tofali kwa tofali, na 2021 ikafunguliwa tena, nilicheka aisee.

Ila roho yangu iko Cambridge, baa ya The Eagle, marubani wa vita waliandika majina yao darini kwa moto wa laita na mishumaa, mengine kwa lipstiki. Dari kama hiyo ukishaiangusha utairudishaje?