Nilivyounganisha yai, lava, pupa na mpevu wa usubi mmoja asiyeuma

Nimemaliza. Slaidi (vioo vya hadubini) za spishi yangu zimepangwa kwenye sanduku moja, kuanzia yai, lava (mdudu mchanga wa majini) na pupa (hatua ya kugeuka) hadi dume mpevu (aliyekomaa, mwenye mabawa), na kila kipande kinajulikana kimetoka kwa mdudu yupi. Naandika haya kwa furaha, na kwa hasira kiasi, kwa sababu nilipoanza nilipewa ushauri ambao ungeniharibia kazi yote, na ushauri huohuo bado naona wanapewa wengine.

Usubi wasiouma ni wa familia ya Chironomidae. Ndio wale wanaoruka jioni kwa makundi juu ya maji au kuzunguka taa, watu wakawadhania mbu. Hawana mrija wa kunyonyea damu, mishipa ya mabawa yao haina magamba kama ya mbu, na nyuma ya kifua, upande wa mgongoni, wana mfereji unaokwenda kwa urefu. Wakitua, wengi wao huinua miguu ya mbele, ilhali mbu huinua ya nyuma. Kufikia hapo huhitaji hadubini kubwa.

Kazi inaanza unapotaka kujua ni spishi gani. Spishi nyingi katika familia hii zimepewa jina kwa kumtazama dume mpevu, hasa viungo vyake vya uzazi. Lakini anayechota tope anapata lava, na anayekusanya povu la ukingoni anapata magamba matupu ya pupa, yaani ngozi walizozivua. Jina liko kwa mmoja, mwili ulio mkononi mwako ni wa mwingine. Spishi yangu ilikuwa hivyo hasa: dume alikwisha kuelezwa zamani, lava na pupa wake hakuna aliyewaandika. Jina nitalitaja maelezo yakichapishwa. Jenasi, yaani kundi la spishi za karibu, ni Chironomus, ile aliyoianzisha mtaalamu wa wadudu Meigen mwaka 1803.

Ushauri wa kwanza niliopewa: "Lava akiwa mwekundu ni Chironomus, andika uendelee." Hapana. Wekundu huo ni hemoglobini, inayomsaidia lava kuishi kwenye tope lenye oksijeni haba, na jenasi nyingine nyingi wanayo. Lava hupitia hatua nne, na wa hatua ya kwanza hana rangi hata kama ni Chironomus halisi, na ukimtia yeyote kwenye spiriti wekundu unafifia. Rangi inakueleza mahali anapoishi mdudu. Jina litafute kwingine: kwenye meno ya bamba la chini ya kichwa, kwenye taya, kwenye vipapasio.

Ushauri wa pili ndio ulionikera zaidi, kwa sababu ulitolewa kwa uhakika mkubwa: nenda mahali pamoja, jioni moja, kusanya lava, pupa na wapevu, tia wote kwenye spiriti, kisha wale walio wengi katika kila hatua uwahesabu ni spishi moja. Fikiria kidogo tu utaona ubovu wake. Bwawa moja dogo linaweza kuwa na makumi ya spishi za usubi hawa, na kila moja hutoka majini kwa wakati wake. Waliojaa hewani leo, lava wao wameshapungua topeni. Waliojaa topeni leo, wapevu wao hujawaona bado. Ukifuata njia hiyo utaoanisha kichwa cha mmoja na mkia wa mwingine, na atakayekufuata atahangaika miaka kurekebisha.

Njia ya hakika ni moja: lava mmoja, chupa moja. Mdudu huyu anapokua huvua gamba, na magamba mawili ya mwisho ndiyo hazina yenyewe. Lava wa hatua ya nne akigeuka pupa, anaacha gamba la lava pamoja na ganda la kichwa. Pupa akigeuka mpevu, anaacha gamba la pupa likielea juu ya maji. Mwishoni una vitu vitatu vya mdudu mmoja, na hakuna mtu wa kukubishia.

Usijaze chupa kwa lava wa kila umri, maana utangoja na wengi watakufa. Chagua waliovimba kifuani. Lava wa hatua ya nne anapokaribia kugeuka, pingili tatu zinazofuata kichwa hunenepa, na ukimulika vizuri unaona ndani yake miguu na mabawa vikijikunja chini ya ngozi. Huyo atageuka pupa hivi karibuni, na pupa naye hakawii. Mwekee maji kidogo ya palepale ulipomtoa, tope laini la kumtosha kujijengea mrija wake wa kuishi, na kijiti cha mpevu kupandia. Mdomo wa chupa ufunge kwa wavu mwembamba. Maji yawe kina kifupi, acha nafasi kubwa ya hewa, la sivyo dume anatoka na kuzama palepale.

Gamba la lava ndilo linalopotea kwa urahisi. Halielei. Linabaki limenasa kwenye nyuzi za mrija, limejikunja, limechafuka, na asiyejua atalimwaga pamoja na tope. Mimi nilikuwa natafuta doa dogo jeusi au la kahawia: hilo ni ganda la kichwa. Ukilipata, shika nyuzi kwa sindano mbili na uzifungue polepole chini ya hadubini. Faida yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ganda hilo limeshapasuka kwenye mistari yake wakati wa kujivua, kwa hiyo bamba la meno linalala bapa lenyewe kwenye kioo, na halina nyama ya kusafisha. Kuna wanaokata vichwa vya lava wazima na kuvichemsha ili kuona meno yaleyale ambayo mdudu mwenyewe ameshayaandaa.

Kwenye gamba hilo nilihesabu: jino la katikati lenye ncha tatu na jozi sita za meno ya pembeni, mabamba mawili yenye mistari yaliyotanuka kama kipepeo cha mkono, vipapasio vyenye pingili tano, madoa mawili ya macho yaliyoachana kila upande. Hapo jenasi inakuja yenyewe. Karibu na mkia wa lava kulikuwa na jozi mbili za vijirija vilaini vinavyoning'inia chini, ambavyo lazima uvichore lava akiwa hai au mzima, kwa sababu kwenye gamba vinanyauka.

Sasa ujanja ninaojivunia kuliko yote. Kila mtu aliniambia nitupe pupa waliokufa. "Wamekufa kabla ya kutoka, hawana faida." Mimi niliwaweka wote. Pupa aliyekaribia kutoka huwa na mpevu kamili ndani yake, amekunjwa, na viungo vya uzazi vya dume vimeshakamilika na vinaonekana kupitia ngozi ya pupa. Kwa hiyo pupa mfu wa namna hiyo ni hatua mbili katika mwili mmoja. Nilikuwa nikiwapitia mmoja mmoja, jioni baada ya jioni, hadi nikakutana na mmoja aliyenifanya niinuke kitini: gamba lake la lava halikuwa limeanguka. Lilikuwa limesukumwa nyuma likabaki limenasa mkiani, na ganda la kichwa, taya na bamba la meno vikiwa vizima. Katikati ni pupa mwenye pembe zake nyeupe za kupumulia, zenye matawi mengi membamba. Na ndani ya pupa, kwenye ncha ya tumbo, viungo vya dume vilevile nilivyokuwa nimevisoma kwenye maelezo ya zamani ya spishi. Lava, pupa na mpevu, maiti moja, hakuna chupa iliyochanganyika wala lebo iliyodondoka. Nilimchora kabla ya kumgusa, nikampiga picha kila upande, ndipo nikamtenganisha. Slaidi ile ndiyo nguzo ya maelezo yangu yote. Msitupe wafu.

Kwa walio hai kuna jambo moja watu hulifanyia haraka. Dume akitoka, usimtie spiriti papo hapo. Ngozi yake bado laini na rangi haijakaa. Ukimuua mapema atasinyaa na utaandika kwamba ni mweupe wakati si mweupe. Mwache karibu saa 24. Kisha weka dume, gamba la pupa na gamba la lava katika kichupa kimoja chenye namba moja, na namba hiyohiyo iende kwenye kila kioo.

Kutengeneza slaidi kwenyewe hakuna siri: tumbo na kifua vya dume kwenye potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 hadi nyama iyeyuke, kusafisha, kupitisha kwenye spiriti inayozidi ukali, kisha Euparal, gundi ya kubandikia slaidi. Mabawa na vipapasio visiingie kwenye potasiamu. Magamba hayahitaji kabisa.

Yai na lava wachanga waliniletea njia nyingine, maana huwezi kumrudisha dume awe yai. Nilikamata majike jioni, wale wenye tumbo zito, kila mmoja kwenye kichupa chake chenye maji. Jike aliyekwisha kupandwa hutaga humo, mayai mamia ndani ya utelezi mmoja. Pima yai, chora mpangilio wake ndani ya utelezi, kisha gawa: wengine uwatunze hadi wawe wapevu ili madume wao wakuthibitishie spishi, wengine uwachukue kidogokidogo njiani. Lava wa hatua ya kwanza ana urefu wa kama milimita 1, hana makazi, anaogelea akifuata mwanga. Ukitafuta topeni humpati.

Kujua lava yuko hatua gani kati ya nne, usipime urefu wa mwili. Mwili hunyumbuka, hushiba, husinyaa kwenye spiriti. Pima upana wa ganda la kichwa, ambalo halikui mpaka mdudu ajivue. Mtaalamu wa wadudu Dyar alionyesha mwaka 1890, kwa viwavi, kwamba upana wa kichwa huongezeka kwa uwiano unaokaribia kuwa uleule kila anapojivua. Kwa spishi yangu vipimo vilijigawa katika mafungu manne yaliyoachana wazi. Fungu likikosekana katikati, ujue kuna hatua hukuikusanya.

Chironomus wana usumbufu mwingine: spishi mbili zinaweza kufanana kwa kila kitu unachokiona. Hapo nilifungua tezi za mate za lava wachache wa uzao uleule. Kromosomu zake (nyuzi zinazobeba jeni) ni kubwa mno, zina mistari, na mwanabiolojia Balbiani alizieleza kutoka kwa usubi hawa tangu 1881. Mpangilio wa mistari hutenganisha spishi ambazo sura haiwezi. Lava wa kazi hii asiende kwenye spiriti ya kawaida. Tumia sehemu tatu za ethanoli na moja ya asidi ya asetiki. Kichwa chake kikate kwanza ukitengenezee slaidi. Mguu mmoja wa dume niliutoa kwa ajili ya jeni ya COI, kile kipande cha DNA cha herufi 658 kinachotumika kutambulisha spishi, nikalinganisha na lava. Ilikubaliana.

Kwenye maandishi, kila kipimo nimekitoa kwa kiwango cha chini na cha juu pamoja na idadi ya waliopimwa. Kwa dume nimetoa uwiano wa kipapasio, yaani urefu wa pingili ya mwisho ukigawanywa kwa jumla ya zilizotangulia, na uwiano wa mguu wa mbele, ambako pingili ya kwanza ya wayo ni ndefu kuliko tibia (pingili ya mguu iliyo juu ya wayo), kama ilivyo kwa nusufamilia yake. Kwa pupa nimechora safu ya vikulabu mgongoni kwenye pingili ya pili ya tumbo, miiba ya pembe za pingili ya nane, na nywele za ukingo wa mkia. Picha za kamera nimeziweka, lakini mchoro wa mkono ndio unaoonyesha jino lipi liko mbele ya lipi. Kinachobaki ni jike: ninao waliotoka kwenye chupa na magamba yao yote, na hao ndio wako mezani sasa.