Jinsi nilivyotuliza maumivu ya misuli ya taya kwa mapigo ya umeme

Maumivu yaliyonisumbua yalikuwa ya misuli, si ya jino wala ya kiungo chenyewe cha taya, na nianze hapo kwa sababu matibabu ninayoyaeleza yana maana pale tu chanzo cha maumivu kinapokuwa kimeshajulikana. Kila asubuhi niliamka mashavu yamekaza, mapanja yanavuta, na kinywa hakifunguki vya kutosha kupitisha vidole viwili vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, ilhali mtu mzima asiye na tatizo la taya kwa kawaida hupitisha vitatu, yaani nafasi ya milimita 40 hivi au zaidi. Daktari wa meno alikagua meno yote, akapiga picha, kisha akaanza kubonyeza kwa kidole kuanzia chini ya mfupa wa shavu hadi pembe ya taya. Alipofika katikati ya msuli, pale ambapo mtu akikaza meno huhisi donge likituna, maumivu yalipanda hadi sikioni na kwenye gego la juu. Gego lenyewe lilikuwa zima kabisa.

Aliniambia kwamba meno ya juu na ya chini hayapaswi kugusana mtu anapokuwa ametulia. Hubaki na mwanya wa milimita chache, midomo ikiwa imefungwa na ulimi umeegemea juu, nyuma kidogo ya meno ya mbele. Mtu anayekaza meno mchana anapofikiri sana, au anayeyasaga usiku akiwa usingizini, huinyima misuli hiyo mapumziko. Nilipewa kinga ya plastiki ya kuvaa kwenye meno usiku, nikashauriwa kukanda mashavu kwa kitambaa chenye joto na kuepuka vyakula vigumu kwa muda. Nilipata nafuu, lakini si ya kutosha, na ndipo nikaelekezwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia ili nijaribu kusisimua neva kwa umeme kupitia ngozi, tiba ambayo wengi huiita kwa kifupi TENS.

Nilitaka kuelewa inavyofanya kazi kabla ya kuruhusu umeme uguse uso wangu, na mtaalamu huyo alikuwa na subira ya kunieleza. Wazo la kutumia umeme dhidi ya maumivu ni la kale sana: tayari katika karne ya 1, tabibu wa Roma Scribonius Largus aliandika juu ya kumwekea mgonjwa wa kichwa samaki hai mwenye kutoa umeme. Maelezo ya kisayansi yalikuja baadaye mno, mwaka 1965, pale watafiti Ronald Melzack na Patrick Wall walipochapisha nadharia ya lango la maumivu. Kwa mujibu wa nadharia hiyo, taarifa za mguso husafiri kwa nyuzi nene za neva, na zile za maumivu kwa nyuzi nyembamba. Nyuzi nene zikisisimuliwa, taarifa za maumivu huzuiwa kwa kiasi fulani kabla hazijapanda kwenda kwenye vituo vya juu vya ubongo. Ndiyo maana mtu aliyejigonga hupasugua papo hapo bila kufundishwa na yeyote. Usoni, kazi hiyo hupitia neva ya tano ya ubongo, ambayo ndiyo hiyo hiyo inayoiamuru misuli ya kutafunia ikaze.

Matibabu yenyewe huanza na ngozi. Uso husafishwa mafuta na vipodozi vyote na kukaushwa, kwa sababu kibandiko cha kupitishia umeme kisichoshika vizuri hukusanya umeme sehemu moja na kuchoma. Kibandiko kimoja kidogo huwekwa juu ya tumbo la msuli wa shavu na cha pili kwenye panja, mbali na jicho, kisha kifaa huwashwa kikiwa kwenye sifuri na kuongezwa polepole mno. Mwanzoni sikuhisi kitu; baadaye kidogo ukaja mtekenyo, kama sisimizi wengi wanaotembea chini ya ngozi, ukazidi hadi ukawa na nguvu ila bila kuuma. Kiwango hicho ndicho kinachotakiwa. Umeme hafifu mno usiohisiwa vizuri hausaidii sana, na ule unaouma humfanya mgonjwa akaze taya, jambo ambalo ni kinyume cha lengo. Tulitumia mapigo ya hezi 80 hadi 100, yaani mapigo 80 hadi 100 kwa sekunde, kwa dakika 20 hadi 30, na nguvu iliongezwa kidogo kila mtekenyo ulipoanza kufifia, kwa kuwa neva huzoea.

Kuna namna ya pili, yenye mapigo machache, kati ya 2 na 10 kwa sekunde, na nguvu kubwa zaidi. Hiyo huufanya msuli urukeruke waziwazi, nami niliyahisi meno yakigongana kidogo kwa kila pigo. Haipendezi kama ile ya kwanza, na nafuu yake huchelewa, lakini kwangu ilidumu zaidi. Inaaminika kwamba huuchochea mwili utoe endofini, kemikali zake wenyewe zinazofanana na mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu. Tulizibadilisha namna hizi mbili ili mwili usizoee mojawapo.

Madaktari wa meno wana namna yao ya tatu, iliyoanzishwa na Bernard Jankelson wa Marekani, ambapo pigo moja hutolewa kila baada ya sekunde 1.5 mbele ya masikio ili misuli ilegee. Baadhi yao huichukua nafasi ambayo taya limetulia baada ya hapo kuwa ndiyo sahihi, kisha hupendekeza kusaga au kufunika meno ili yaifuate. Nilipendekezewa hivyo mahali fulani, nami nikakataa. Kulegeza msuli ni jambo linaloisha lenyewe bila kuacha alama; jino likishasagwa halirudi, na kwa maumivu ya misuli ni busara kuanza na tiba ambazo mtu anaweza kuziacha wakati wowote.

Jambo ninalotaka lieleweke zaidi ni kwamba umeme pekee haukuniponya. Kila mara nafuu ilidumu kwa saa kadhaa, kisha ukazaji ukarudi. Kilichobadilisha hali ni matumizi ya saa hizo. Vibandiko vilipotolewa tu, msuli ukiwa bado umelegea, nilifungua kinywa taratibu huku ncha ya ulimi ikigusa kaakaa ili taya lishuke bila kwenda upande, nikashikilia kwa sekunde chache, nikafunga, nikarudia. Kisha nilivuta msuli wa shavu kwa kidole gumba kutoka ndani na cha shahada nje, nikishuka hadi pembe ya taya. Mazoezi hayo hayo, ambayo zamani yalinitoa machozi, yaliwezekana kwa sababu maumivu yalikuwa yamenyamazishwa kwa muda. Kidole cha tatu kilianza kupita, kwanza baada ya matibabu tu, baadaye hata asubuhi.

Nilipoanza kutumia kifaa nyumbani nilikabidhiwa masharti ambayo nayarudia kwa kila anayeniuliza. Asikitumie mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo, na mwenye kifafa, mimba au saratani aanze kwa daktari wake. Vibandiko visiwekwe mbele wala kando ya shingo, karibu na macho, juu ya kidonda au juu ya ngozi iliyokufa ganzi, na mtu asilale navyo wala asiendeshe gari. Aidha, si kila maumivu ya taya ni ya kutulizwa nyumbani. Yanayokuja pamoja na kubanwa kifua yanaweza kuwa ya moyo, na mtu wa zaidi ya miaka 50 anayeanza kuumwa panja, taya likichoka anapotafuna na macho yakififia, anahitaji hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa mishipa ya damu ya panja ikivimba inaweza kumpofusha.

Siku hizi navaa kinga yangu kila usiku na kufanya mazoezi hata ninapokuwa sina maumivu. Kifaa nakitoa pale tu kazi zinaponikaza mashavu tena, nacho kinafanya kile kile kilichofanya mwanzo: kinanipa muda wa kufanya mazoezi bila kuumia.