Kishikwambi nilichoambiwa nikitupe: Nexus 7 yangu ndani ya LineageOS

Haya nayaandika kwenye kishikwambi chenyewe, Nexus 7 ya mwaka 2013, na herufi zinatokea pale pale ninapozigusa. Aliyewahi kukishika kabla sijakiondolea Android yake ya zamani na kukiwekea mfumo wa LineageOS ataelewa kwa nini naanza na jambo hilo. Ulikuwa unabonyeza herufi, unasubiri, unabonyeza tena, halafu zinatokea tatu kwa mpigo. Kufungua PDF ya kitabu cha Baiolojia cha kidato cha tatu ilikuwa unaweka, unakwenda kuchemsha chai, unarudi.

Nilikinunua kikiwa kimetumika, Kariakoo, kwa bei ambayo haikufika laki. Kioo chake cha inchi 7 kina nukta 1920 kwa 1200, na maandishi madogo ya kwenye michoro ya seli yanasomeka bila kuvuta. Kina uzito wa kama gramu 290, kinaingia kwenye mkoba pamoja na madaftari ya wanafunzi. Simu ni ndogo mno kusomea kitabu kizima, na laptopu siwezi kuitoa ndani ya daladala. Kwa kazi yangu sijaona kifaa kinachonifaa zaidi kwa bei hiyo, ndiyo maana nilikataa kukiacha.

Shida yake haikuwa uzee wa vyuma. Ndani kina RAM ya GB 2 na prosesa ya Snapdragon S4 Pro yenye viini vinne, na kwa kusoma, kuandika na kuangalia video za kawaida hivyo vinatosha kabisa. Shida ni kwamba Google, ambayo Asus waliitengenezea kifaa hiki, iliishia kukipa Android 6.0.1, ikaishia hapo. Baadaye Chrome nayo ikaacha kuhudumia Android 6. Kisha tovuti zikaanza kugoma moja baada ya nyingine, zinaleta onyo kwamba muunganisho si salama, hata tovuti nilizozitembelea jana yake bila tatizo.

Hapo ndipo ushauri ulipoanza kumiminika, na karibu wote ulikuwa mbovu. Mwalimu mwenzangu: rekebisha tarehe na saa. Tarehe ilikuwa sahihi. Mwingine: weka programu ya kusafisha kishikwambi. Niliijaribu, ikajaza matangazo na kula RAM yenyewe. Fundi simu mmoja akakishika, akakigeuza, hata hakukiwasha. "Madam, hiki kimeshazeeka. Tupa tu, nikuuzie kingine." Kingine chenyewe kilikuwa na RAM ya GB 1 na kioo unachokihesabia nukta kwa macho.

Sababu ya kweli niliitafuta mwenyewe, na naieleza kwa sababu wengi wenye simu za zamani wanasumbuliwa nayo bila kuijua. Tovuti nyingi mno hupata vyeti vyake vya usalama, vinavyokithibitishia kivinjari kwamba tovuti ni yenyewe, bure kutoka shirika la Let's Encrypt. Cheti mama cha huko kinaitwa ISRG Root X1, na Android zilizo chini ya 7.1.1 hazina cheti hicho ndani yake. Kwa miaka kadhaa zilikuwa zinapitia kwenye cheti mama kingine cha zamani, na njia hiyo ilifungwa rasmi mwishoni mwa Septemba 2024. Kuanzia hapo kivinjari kinachotegemea vyeti vya mfumo kinakiona kila cheti cha Let's Encrypt kama cha mtu asiyemjua. Kama huna nafasi ya kubadilisha mfumo leo, weka toleo la Firefox linalokubali Android uliyonayo, kwa sababu yenyewe hutembea na orodha yake ya vyeti. Hilo peke yake lilinirudishia nusu ya tovuti zangu kabla sijagusa kitu kingine.

Lakini mimi sikutaka nusu. Nilitaka LineageOS, mfumo wa Android uliochukua nafasi ya mwenzake wa zamani CyanogenMod mwishoni mwa 2016, ambao watu wanautengeneza kwa kujitolea kwa ajili ya vifaa ambavyo kampuni zimeviacha. Kwa Nexus 7 hii lilitolewa toleo la 18.1, ambalo ndani yake ni Android 11. Kutoka 6 kwenda 11 kwa kishikwambi kilichoambiwa kitupwe! Nikasema hapa hapa.

Mpwa wangu anayesoma kompyuta chuoni akaniambia nitumie zile programu za kuruti kwa kubonyeza kitufe kimoja. Usizitumie. Kuruti hakubadilishi mfumo, kunakupa tu mamlaka juu ya mfumo ule ule uliochoka, na programu zenyewe hujui zinaingiza nini. Kinachotakiwa ni kufungua butiloda, ile programu ndogo inayouwasha mfumo, na Nexus ilitengenezwa iruhusu hilo kwa amri moja tu unayoiandika kwenye kompyuta: fastboot oem unlock. Inafuta kila kitu kilichomo, kwa hiyo hamisha picha na mafaili kwanza.

Sasa amri hiyo haifanyi kitu kama kompyuta haikioni kishikwambi, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote. Unazima, unashikilia kitufe cha kupunguza sauti pamoja na cha kuwashia, anatokea roboti wa kijani amelala chali tumbo wazi. Nachomeka waya kwenye laptopu. Kishikwambi kinaonyesha kinapokea chaji. Naandika fastboot devices, kimya. Narudia, kimya. Nikaambiwa tatizo ni draiva, nikaondoa draiva na kuweka upya. Nikaambiwa tatizo ni Windows, nikaazima laptopu nyingine yenye Linux. Kimya. Mpwa wangu akahitimisha kwamba tundu la kishikwambi limekufa na kwamba fundi alikuwa sahihi.

Mimi nikaangalia ule waya. Ulikuwa waya mzuri kwa macho, mweupe, nene, wa buku tatu pale stendi. Nikachukua simu yangu ya zamani, ambayo najua mafaili yake hufunguka kwenye kompyuta, nikaichomeka kwa waya ule ule. Inachaji, mafaili hayaonekani. Nikachukua wa pili wa aina hiyo hiyo, vilevile. Basi nikachukua wembe nikaupasua mmoja katikati. Waya kamili wa USB wa aina hii una nyuzi nne ndani: nyekundu na nyeusi za umeme, kijani na nyeupe za kupitisha data. Ndani ya ule waya nene kulikuwa na nyuzi mbili tu, nyekundu na nyeusi, nyembamba kama uzi wa kushonea, unene wote uliobaki ni plastiki. Nilimwita mpwa wangu aje aone kwa macho yake. Alitazama, akasema, "Duh, mama mdogo!" Nikaenda kwenye droo ya mama nikatoa waya uliokuja na simu yake ya kwanza ya kupangusa, ule wa kwenye boksi, mfupi, umekunjamana. Nikachomeka, nikaandika amri ile ile, na namba ya kifaa ikatokea kwenye mstari. Dakika chache baadaye kishikwambi kinawaka na alama ya kufuli iliyo wazi chini ya neno Google. Hakuna fundi aliyegusa.

Kwa hiyo kabla ya kulaumu draiva, kompyuta au tundu, jaribu waya kwa kifaa kingine. Inachukua nusu dakika.

Rikavari, ule mfumo mdogo wa pembeni unaotumika kuwekea mfumo mkubwa, niliweka TWRP. Ukishaiweka ingia ndani yake moja kwa moja kutoka kwenye butiloda. Ukikiacha kishikwambi kiwake kwanza kwa mfumo wake wa zamani, mfumo huo unairudisha rikavari yake na kuifuta yako.

Kisha likaja suala la kugawa upya hifadhi. Sehemu iliyotengwa kwa ajili ya mfumo kwenye Nexus 7 ilipangwa mwaka 2013 kwa Android ya wakati huo, haifiki gigabaiti moja, na Android 11 haienei humo. Ndiyo maana toleo la LineageOS 18.1 kwa kifaa hiki limetengenezwa kwa kishikwambi kilichogawanywa upya, na hata jina la kazi limebadilishwa: kifaa cha kawaida ni flo, kilichogawanywa ni flox. Kuna mtu alinihakikishia kwamba hatua hiyo ni ya hiari, nikaifuata kauli yake, na kishikwambi kikalikataa faili. Hatua hiyo si ya hiari. Unatuma kifaili kidogo cha kugawa hifadhi kwanza, halafu ndiyo mfumo. Chaji iwe zaidi ya nusu, na laptopu iwe na betri inayokaa, maana umeme ukikatika wakati hifadhi inagawanywa ndipo kweli utatafuta cha kutupa.

Nikatuma mfumo kwa adb sideload, amri ya kulipeleka faili kutoka kwenye kompyuta kwa waya. Asilimia zinapanda kwenye kompyuta, 20, 35, 46, 47, halafu zikasimama. Kukatokea ujumbe: failed to read command: Success. Soma hapo: imeshindwa, imefanikiwa. Mpwa wangu mkono umeshafika kwenye kitufe cha kuzima, nikamzuia. Nilikuwa nimeshausoma mwongozo wa LineageOS hadi mwisho, na wenyewe wanaandika wazi kwamba wakati mwingine hesabu husimama kwenye 47 ingawa kazi imekwisha vizuri. Kioo cha kuamini ni cha kishikwambi, na chenyewe kilisema kimemaliza. Wangapi wamechomoa waya kwenye 47 wakaishia kusema LineageOS ni mbovu?

Kuwaka mara ya kwanza kulichukua muda, ule mduara mdogo ukiteleza juu ya mstari uliopinda, unarudi, unateleza tena. Usiuguse. Kisha ukaja ukurasa wa kuchagua lugha, nikachagua Kiswahili, na kuanzia hapo kila kitu ni Mipangilio, Hifadhi, Betri, kwa lugha ninayofundishia nikiwaeleza wanafunzi pembeni.

Cha kwanza nilichofanya ni kufungua kile kitabu cha Baiolojia. Kilifunguka. Chai haikuwa na nafasi. Nikapangusa kurasa haraka haraka hadi kwenye mchoro wa moyo, mishipa imekaa sawa, herufi ndogo zote zinasomeka. Nikafungua tovuti zilizokuwa zikinikataa, zote zikapita, kwa sababu Android 11 ina cheti kile ndani yake. Keyibodi inafuata vidole. Rangi nyeusi ya usiku inafanya kazi kila mahali, na nikisoma kitandani macho hayaumi.

Sikuweka huduma za Google, na naamini uamuzi huo ndio ulionipa wepesi mkubwa kuliko hata mfumo wenyewe. Programu nachukua F-Droid, duka la programu huria za bure. Kwa PDF na vitabu natumia KOReader, inakata zile pembe nyeupe za ukurasa na kukuza maandishi yajae kioo. Kwa video VLC. Kwa ramani Organic Maps, unapakua nchi nzima ukiwa kwenye Wi-Fi halafu unatembea bila bando. Na Kiwix, ambayo nashangaa walimu hawaijui: nimepakua Wikipedia ya Kiswahili nzima, faili moja, nafungua makala darasani kusiko na mtandao na wanafunzi wanapokezana kusoma. Usiku nikikiacha mezani bila kukizima, asubuhi chaji imepungua kidogo sana. Zamani nilikuwa nakikuta kimekufa.

Kuna mambo hakifanyi. Programu za benki nyingi zinakikataa kifaa kilichofunguliwa butiloda, kwa hiyo hizo ziache kwenye simu. Ukifungua kivinjari chenye kurasa kumi na video juu yake, GB 2 zinajaa na kurasa za nyuma zinaanza kupakiwa upya. Hakina sehemu ya kadi ya kumbukumbu, na changu ni cha GB 16, kwa hiyo kila mwisho wa muhula nahamishia mafaili kwenye laptopu. Kamera sijawahi kuitegemea, siitegemei sasa.

Gharama? Waya wa mama bure, nyaya za stendi pesa ya kutupa, bando la kupakulia mafaili, basi. Mifumo yenyewe hailipiwi.

Wiki hii walimu wawili wameniletea vishikwambi vyao niwafanyie. Kile cha kwanza ni kimoja cha vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 halafu tukagawiwa walimu. Hicho sikigusi, ni mali ya kazi. Cha pili ni Nexus 7 kweli, ila ni ya mwaka 2012, na mafaili yangu hayafai humo hata kidogo: ile ina Tegra 3 na RAM ya GB 1. Ukienda kununua tazama mgongo kabla hujatoa hela. Ya 2012 ina mgongo wenye vidoti vya kushika vidole, ya 2013 ni laini na neno nexus limeandikwa kwa ulalo. Na ukiikuta ya 2013 yenye sehemu ya laini ya simu, hiyo jina lake la kazi ni deb, tafuta mafaili yake yenyewe, usitumie ya flox.