Kwa nini lazima awe mfalme

Juzi binti yangu alikuwa amejilaza kwenye kochi na simu yake, akaniuliza bila kuinua kichwa: "Mama, kwa nini hizi hadithi lazima mwanaume awe mfalme? Akiwa mwalimu wa kawaida, mtoto hawezi kumpata baba yake?"

Wao wanasoma kwenye simu, sura moja moja. Sisi tulisoma vitabu vya mtumba vya Mills & Boon, ile kampuni ya London ya kuchapisha riwaya za mapenzi iliyoanza mwaka 1908, kurasa zimeshakuwa rangi ya chai. Hadithi ni ile ile. Mwana wa mfalme anampenda msichana asiye na ukoo, wanatengana, msichana ana mimba na hasemi. Miaka inapita, kaka mkubwa anafariki, huyu mdogo anakalia kiti na kutafutiwa mke. Hapo ndipo anapokutana tena na msichana wake, kashika mkono mtoto mwenye macho kama yake.

Nilimwambia nitamjibu, na sijamjibu. Jibu langu linamhusu mtu ambaye sina ruhusa ya kumtaja.

Ilikuwa mwaka 1994, kidato cha tatu, bweni la milimani, na ilikuwa Julai. Waliokaa kule wanaijua baridi ya Julai. Kitabu kilikuwa kimoja kwa bweni zima, hakina jalada, mchana kinalala chini ya godoro. Taa zikizimwa tunajifunika blanketi moja watu watatu au wanne, tochi katikati. Msomaji nilikuwa mimi: macho yanapita kwenye Kiingereza, mdomo unasimulia kwa Kiswahili, kwa kunong'ona. Wenzangu walikuwa wakisubiri busu. Yule wa kitanda cha juu hakuwahi kuuliza habari za busu.

Usiku ule tulifika pale mfalme anapoingia kwenye chumba cha wageni. Mtoto yuko sakafuni, anahangaika na gari lililochomoka gurudumu. Mfalme ametoka kwenye gwaride, ana sare na nishani zake. Mtoto anainua uso. Mfalme anapiga magoti na sare ile ile, anaokota gurudumu, anauliza jina.

"Rudia hapo," akasema yule wa kitanda cha juu.

Nikarudia.

"Amepiga magoti? Walinzi wapo?"

Nikasogeza tochi. Wapo, nikamwambia, na waziri yupo, na mama yake mfalme amesimama mlangoni.

"Wote wanamwona?"

"Wote."

Akanyamaza. Mkono wake ulikuwa kwenye ukingo wa kitabu, kidole gumba juu ya mstari ule, kaukandamiza mpaka kucha imeacha alama kwenye karatasi. Mwenzetu mmoja akasema twende mbele, betri zinaisha. Kweli zilikuwa zinaisha, mwanga umeshakuwa wa njano. Kidole hakikuondoka. "Mara ya mwisho," akasema. Nikasoma tena, polepole, neno kwa neno, nishani, magoti, gurudumu, nikihisi pumzi yake shingoni. Hakulia. Ningejua kama analia, tulikuwa tumebanana mno.

Bweni zima tulijua, ingawa hakuna aliyetamka. Baba yake alikuwa mtu mzito mjini kwao, mwenye mke na familia, na yeye alitumia jina la mjomba. Ada ililetwa ndani ya bahasha na mtu asiyejitambulisha. Siku ya wazazi alikuja mama peke yake.

Wiki ile ile matroni alikikamata kitabu, na mwisho wake hatukuusoma. Wengine tulinuna kwa siku kadhaa. Yeye alisema, "Mimi nilishafika nilikokuwa nakwenda."

Nadhani jibu la binti yangu liko hapo. Mwalimu anaweza kumkubali mtoto kimyakimya, akatuma ada na sukari, na mtaa usijue. Mfalme hawezi. Mfalme akisema huyu ni wangu, neno limesikika nchi nzima, hata kwa waliokuwa wakimnyooshea mama yake kidole. Na mtoto wa hadithi hizi mara nyingi ana miaka minne au mitano: mkubwa wa kutosha kuuliza baba yuko wapi, mdogo wa kutosha kusamehe siku hiyo hiyo. Wanaosema vitabu hivi vinawadanganya wasichana kuhusu mali na mapenzi sijui kama wamewahi kukaa na msomaji wa aina ile.

Wafalme wa kweli ni wagumu zaidi. Unguja, Sayyida Salme alirudi mwaka 1885 na watoto aliozaa na Mjerumani, na kaka yake, Sultani Barghash, akakataa kumpokea. Oktoba 2020 rafiki yangu yule wa kitanda cha juu alinitumia habari ya Delphine Boël wa Ubelgiji. Aliweza kwenda mahakamani kudai baba baada ya Mfalme Albert II kuachia kiti mwaka 2013, maana akiwa mfalme hashtakiki. Januari 2020, baada ya kipimo cha vinasaba, Albert alikubali kupitia mawakili wake kwamba ndiye baba. Oktoba hiyo mahakama ya rufaa ya Brussels ikampa Delphine cheo cha binti mfalme. Chini ya habari ile rafiki yangu aliandika: "Angalau imesomwa kwa sauti."

Baba yake huyu rafiki yangu alifariki mwaka juzi. Alikwenda msibani, akakaa nyuma na kina mama wa mtaa. Wasifu wa marehemu ukasomwa: shule, kazi, vyeo, mjane, watoto kwa majina. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akapanda basi.

Usiku nikampigia. Nilikuwa nafikiria kile kitabu, kwamba huenda tulimpa kitu cha kusubiri ambacho hakuna mtu angekileta, na kusubiri kukamla. Hakukubali. Alisema bila kitabu kile angedhani kimya ndiyo kawaida ya baba. Kilimwonyesha anachodai, na anayedai anajua kwamba hakukosa yeye. Nikamuuliza, deni lisilolipwa linamsaidia nini mtu? Akasema linamsaidia kusimama wima. Sikuridhika, na nilimwambia hivyo. Tukabishana mpaka salio likaisha.