Dawati la misamaha halijui ndugu zako

Mgonjwa akija kwangu kuomba msamaha wa gharama za matibabu, nikimuuliza ana ndugu gani, jibu nalijua kabla hajafungua mdomo: sina mtu. Simu inaita mfukoni, yeye anasema hana mtu. Simlaumu. Tangu utaratibu wa kuchangia gharama uanze hapa Tanzania mwaka 1993, sisi maafisa ustawi wa jamii ndio tunaopima nani ana uwezo na nani hana, na kila ndugu anayetajwa ni sababu nyingine ya kunyimwa. Ningekuwa mimi, hata shangazi yangu ningemzika akiwa hai.

Ndiyo maana ramani ya mahusiano, yaani mchoro wa watu wanaomzunguka mgonjwa, siichori siku hiyo. Nangoja suala la bili liishe, halafu namfuata wodini na karatasi ya A4 na penseli. Kalamu haifai, maana watu kwenye ramani huhamahama mno.

Chuoni wengi wetu tulianza na ekomapu, aliyoibuni Mmarekani Ann Hartman mwaka 1975. Familia inakaa kwenye duara la katikati, wengine pembeni, na mistari inaonyesha penye nguvu, penye ulegevu na penye ugomvi. Ni nzuri. Ila wodini natumia zaidi ramani ya Elizabeth Tracy na James Whittaker ya mwaka 1990, yenye vipande saba: wa nyumbani, ndugu wengine, marafiki, kazini au shuleni, vikundi na dini, majirani, na watoa huduma. Kisha kila aliyetajwa anaulizwa habari zake: anasaidia kwa vitu, kwa kukupa moyo au kwa ushauri? Anakukosoa? Msaada unatoka kwake kuja kwako, au wewe ndiye unayempa?

Nafasi zenyewe ni za watu 15. Kwetu ukianza na ndugu, mabinamu peke yao wanazimaliza. Mimi naanza na majirani, ndugu wanafuata baadaye.

Chukua kijana mmoja wa bodaboda (mambo yake nimeyabadilisha asitambulike), aliyevunjika paja, mguu umefungiwa mawe unavutwa. Kwa maneno yake kaka yake ndiye kila kitu. Nikamuuliza uji wa asubuhi kaleta nani. Mama ntilie wa pale kijiweni. Na nguo nani anafua? Mke wa mpangaji mwenzake. Nikamwomba, kama hajali, atazame mwenyewe kwenye simu ujumbe wa pesa wa miezi ya karibuni aniambie tu zilikwenda wapi. Kwa mama kijijini, ada ya mpwa, kwa mama tena. Karibu mishale yote ilikuwa inatoka. Yeye ndiye nguzo ya ukoo, na nguzo imelala kitandani.

Kaka kweli alitoa hela, ila tulipofika kwenye swali la kukosoa kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Huyo akitoa elfu kumi, anakusema ya laki." Nikachora mistari miwili kwa mtu mmoja, mmoja mnene wa nguvu, mwingine wa ugomvi. Anayepiga simu kuliko wote alikuwa tajiri wa pikipiki, anaulizia hesabu yake. Naye yumo kwenye ramani. Mtu hahitaji kukupenda ili aingie humo.

Kikundi chake cha kufa na kuzikana kilimchangia? Hapana. Katiba yao inataja msiba tu, mgonjwa hana fungu. (Vikundi vingi nilivyokutana navyo viko hivyo, na sijawahi kuelewa kwa nini maiti apate kuliko anayeweza kupona.)

Ramani hiyo ilibadilisha mpango wa kumruhusu. Kwa kaka ni ghorofa ya pili, na maneno juu. Chumbani kwake choo ni cha nje, lakini wenzake wa kijiwe wako karibu na walikubali kupeana zamu za kumsaidia kwenda na kurudi. Karatasi nikampa yeye. Faili la wodi linapita mikono mingi, na yale ya kaka hayamhusu kila mtu.

Kwa ridhaa yake tukampa muuguzi namba ya mwenyekiti wa kijiwe ya kupigiwa siku ya kliniki. Akauliza, "Huyu ni nani yake?" Fomu inataka mzazi, mwenza, ndugu au jirani. Tukaandika jirani.