Pumu yangu na upungufu wa magnesiamu

Pumu niliyoizoea tangu utotoni ilipoanza kunibana hata nikiwa nimepumzika, huku misuli ya miguu ikikakamaa usiku na moyo ukinienda mbio, daktari aliagiza nipimwe damu, na majibu yakaonyesha kwamba magnesiamu na potasiamu, madini ambayo mwili huyapata kwenye chakula, zote mbili zilikuwa chini.

Maelezo aliyonipa ndiyo yaliyonifanya nilitazame suala la chakula kwa uzito. Njia za hewa zimezungukwa na misuli laini ambayo hukaza pale kalsiamu inapoingia ndani ya seli zake. Magnesiamu hupinga uingiaji huo na kuisaidia misuli kulegea, na ndiyo sababu mgonjwa aliyepatwa na shambulio kali ambalo dawa za kawaida zimeshindwa kulituliza huweza kutundikiwa dripu ya magnesiamu salfeti hospitalini. Potasiamu nayo ikipungua mno hudhoofisha misuli ya kupumulia. Lililonishangaza zaidi ni kwamba salbutamoli, dawa ile ile inayonifungua kifua, ikivutwa mara nyingi huweza kuyashusha madini hayo katika damu, hasa potasiamu, ambayo huisukuma iingie ndani ya seli.

Kwa hiyo tulianza na dawa wala si na sahani: niliongezewa kipimo cha steroidi ya kuvuta kila siku, yaani dawa ya kutuliza uvimbe ndani ya njia za hewa, ili nisiitegemee salbutamoli kupita kiasi. Kisha nikageukia chakula. Mwanamke mtu mzima huhitaji takribani miligramu 310 hadi 320 za magnesiamu kwa siku, na mwanamume 400 hadi 420. Nilizitafuta katika mboga za majani, maharage, karanga, mbegu za maboga na nafaka zisizokobolewa. Vidonge vya magnesiamu nilipewa kwa muda tu, tena baada ya kupimwa figo, kwani figo dhaifu hushindwa kuitoa ziada. Navyo, niseme wazi, viliniharisha.

Vipimo vya baadaye vilikuwa vizuri, miguu ikaacha kukakamaa na kifua kikatulia. Hata hivyo siwezi kuipa magnesiamu sifa zote, kwa sababu steroidi iliongezwa wakati huo huo, na tafiti za vidonge hivyo kwa wenye pumu hazijakubaliana. Isitoshe, magnesiamu iliyomo katika damu haifiki hata asilimia 1 ya ile ya mwili mzima, kwa maana nyingi imo mifupani na ndani ya seli. Ndiyo maana daktari haridhiki na jibu la maabara pekee, bali huniuliza pia kuhusu dalili, mlo, na ni mara ngapi nimevuta salbutamoli.